Tasi na Mwezi Mpevu

Anayemtoa tasi kwenye mtego wa dema hamshiki ovyo. Samaki huyu ana miiba 24 yenye sumu: 13 mgongoni, 7 chini karibu na mkia na 4 kwenye mapezi ya tumbo. Akikuchoma, tumbukiza mkono katika maji ya moto unayoweza kuyavumilia, ukae nayo nusu saa au zaidi. Sumu hiyo ni protini, na joto huivunja nguvu. Nyama yake ni salama, tena tamu, na kwa wengi wetu wa pwani ndiyo kitoweo cha kila siku.

Wakenya humwita tafi. Jina lake la kitaalamu ni Siganus sutor. Makao yake ni magharibi mwa Bahari ya Hindi, kuanzia pwani yetu ya Afrika Mashariki hadi Komoro, Madagaska na Shelisheli. Huishi kati ya matumbawe na nyasi za baharini, akila mwani na majani. Kazi hiyo ina maana kubwa, kwani mwani usipoliwa hufunika mwamba, na matumbawe machanga hukosa pa kushika.

Tasi hukua upesi na huanza kuzaa akiwa na umri wa mwaka mmoja hivi, wakati chewa huhitaji miaka kadhaa. Ndiyo sababu bado tunampata hata kwenye miamba iliyovuliwa sana. Lakini ana udhaifu mmoja. Msimu wa kuzaa ukifika, mwezi unapokaribia kuwa mpevu, tasi huacha malisho yao na kukusanyika kwa wingi mahali palepale wanapozoea kutaga. Watafiti wameufuatilia mkusanyiko huo Msambweni, Kenya, na Praslin, Shelisheli. Wavuvi wenyewe walishaujua kabla yao. Dema likitegwa hapo siku hizo hujaa, na wengi wanaonaswa wana mayai ambayo hawajayataga.

Pwani ya Kenya yamejaribiwa madema yenye upenyo mwembamba wa kuwapitisha samaki wachanga. Ni hatua nzuri, ila haimwokoi tasi mkubwa aliyekwenda kuzaa. Kwa hiyo naviomba vikundi vya usimamizi wa fukwe (BMU) vya Kenya na Tanzania vikubaliane na wavuvi wao jambo hili: siku chache kabla na baada ya mwezi mpevu, katika miezi ya kuzaa, madema yasitegwe kwenye mazalio ya tasi.