Jini Akijionesha Mapema

Anayepita usiku kando ya foleni ya malori Tunduma, mkoani Songwe, anaujua mlio ule: dereva anaachia breki, upepo unafyatuka "psssh", na mtembea kwa miguu anaruka pembeni kabla hajajua anakimbia nini. Mwaka 1942, mwongozaji Jacques Tourneur na mtayarishaji Val Lewton waliutumia mlio wa namna hiyo katika filamu ya Cat People. Mwanamke anatembea peke yake gizani, anahisi anafuatwa. Nyayo za nyuma yake zinanyamaza. Ghafla kitu kinafoka. Kumbe ni basi tu, limesimama mbele yake. Chui hakuonekana, lakini mtazamaji ameshamwona kichwani mwake.

Bajeti ya Cat People ilikuwa ndogo, na uhaba huo ukaisaidia. Hata filamu ya Jaws ya mwaka 1975 ilisaidiwa na shida: papa wa mashine aliharibika mara kwa mara baharini, mwongozaji Steven Spielberg akalazimika kumficha na kuuachia muziki kazi ya kutisha.

Zimwi la filamu ya Alien (1979), kwa sehemu kubwa, lilikuwa Mnaijeria. Bolaji Badejo, mwanafunzi wa usanifu wa michoro jijini London mwenye urefu wa zaidi ya mita 2, ndiye aliyevalishwa lile vazi. Tatizo la vazi ni kwamba ukilitazama sana unamwona mtu aliyemo ndani. Basi mwongozaji Ridley Scott akaonesha vipande: taya linalodondosha ute, mkia, mkono. Katika filamu ya karibu saa 2, zimwi linaonekana dakika chache tu.

Filamu za Bongo, yaani za Tanzania, zilichukua njia nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mwongozaji Mussa Banzi alitoa Nsyuka, filamu ya mzimu wenye jina la Kinyakyusa, lugha ya majirani wa Songwe. Baadaye ikaja Shumileta. Waliofuata, kompyuta ikiwa mkononi, wengi walitaka kazi ya kompyuta hiyo ionekane: jini anatokea, anatoweka, macho yanawaka. Lakini kumtowesha mtu kwa kusimamisha kamera, Mfaransa Georges Méliès alishafanya mwaka 1896! Jini akishaonekana mara tano, watoto wa benchi la mbele wanaanza kumcheka.

Kwenye vibanda umiza vinavyoonesha video kuna jambo jingine. Filamu za nje huja zimetafsiriwa, kwa mtindo uliompa umaarufu mtafsiri Lufufu, na mtafsiri wa namna hiyo hapendi ukimya. Pale filamu iliponyamaza makusudi, yeye anasema. Pengine anamwonya mhusika kuhusu kilicho nyuma ya mlango. Hofu inapungua, raha inaongezeka, na wateja hawadai chenji.

Kwa filamu za bunilizi ya kisayansi, Songwe haihitaji kuazima kisa. Huko Ndolezi, wilayani Mbozi, kipo kimondo cha chuma chenye urefu wa takriban mita 3, kinachokadiriwa kuwa na uzito wa kati ya tani 12 na 16. Hakuna shimo linaloonesha kilivyoanguka. Mwongozaji mwenye simu tu anaweza kuanzia hapo, na fedha ya kompyuta akainunulia maikrofoni, maana sauti ndiyo inayoziangusha filamu nyingi za Bongo.