Nguva na papa potwe katika chumba cha mtihani

Wiki hii naomba tuiache siasa kidogo, twende Bwejuu, kisiwa cha wavuvi wilayani Mafia. Mpwa wangu wa huko alikuja likizo na daftari lake la Biolojia, akijiandaa kwa mtihani wa taifa wa kidato cha pili. Nikamwambia: tofautisha nguva na papa potwe.

"Rahisi, mjomba. Nguva huzaa, papa ni samaki, hutaga mayai."

Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, ambaye huonekana karibu na Kilindoni hasa kati ya Oktoba na Machi, naye huzaa. Mwaka 1995 huko Taiwan alivuliwa jike mwenye vitoto takriban 300 tumboni. Kwa hiyo uzazi si shahidi wa kutegemea. Tuulize pumzi: nguva ana mapafu, ni lazima aibuke avute hewa, ilhali papa hupata oksijeni ya majini kwa matamvua. Tuulize maziwa: nguva hunyonyesha, papa hanyonyeshi.

Tena neno "tofautisha" lina pande mbili. Anayeandika "nguva ana mapafu, papa ni mkubwa" hajatofautisha kitu, hata kama yote mawili ni kweli. Pumzi ishindanishwe na pumzi.

Nikamwuliza kwa nini baba yake hutia samaki chumvi. "Wasioze." Kwa nini wasioze? Kimya. Nikamweleza kuwa chumvi huvuta maji kutoka katika seli za samaki na za bakteria, kupitia utando mwembamba, na bakteria wakikosa maji hawazaliani. Akaruka: "Kumbe ndiyo osmosisi!" Maana yake alikuwa ameikariri neno kwa neno, kwa Kiingereza, kwani ndiyo lugha ya mtihani, ilhali shule ya msingi alisoma kwa Kiswahili. Na nyumbani kwao hiyo osmosisi huanikwa juani!

Sasa tuna utaratibu: kwanza anieleze jambo kwa Kiswahili mpaka nilielewe mimi nisiye mwalimu, ndipo aliandike kwa Kiingereza kwa sentensi fupi. Siyo njia ya mkato, maana inakula muda.

Kesho ni zamu ya mikoko. Anieleze kwa nini mchu huchomoza mizizi juu ya tope, wakati mwembe wa uani kwangu hauna haja hiyo.