MSITU, KIHAMBA NA MAJI YA KUTAWADHIA

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ukiwauliza wanafunzi wa Moshi maji ya bombani na ya birika la msikiti yanatoka wapi, wengi watakuonyesha kilele cheupe cha Kibo na kusema, "Kwenye theluji." Jibu hilo tumelizoea, lakini si sahihi. Theluji huchangia kidogo sana. Sehemu kubwa ya maji ya mlima wetu hutokana na msitu, na msitu huo uko mikononi mwa wanadamu.

Msitu unavyotupatia maji

Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hupanda ubavu wa kusini wa mlima, hupoa, na kuwa mawingu na mvua. Mvua nyingi zaidi hunyesha msituni, kwenye kimo cha karibu mita 2,200, kuliko mjini au kileleni. Majani huyavunja nguvu matone, na udongo laini uliojaa majani yaliyooza huyanywa maji polepole. Juu zaidi, matawi hunasa ukungu na kuudondosha chini kama matone. Maji hayo hupenya ardhini, hutokea kwenye chemchem, na kujaza mito kama Karanga, Weruweru na Himo, hadi bwawa la Nyumba ya Mungu na Mto Pangani.

Miti na joto la dunia

Magari, viwanda na moto wa misitu hutoa hewa ya ukaa, ambayo huzuia joto lisitoke angani kama blanketi linavyozuia joto la mwili. Mti huivuta hewa hiyo na kuihifadhi katika shina, mizizi na udongo. Ukichomwa, hewa hiyo hurudi angani. Kwa hiyo kuulinda msitu uliopo ni bora kuliko kuuharibu kisha kuanza kupanda miche. Ni kweli kwamba miti peke yake haiwezi kufuta moshi wote wa viwanda vya dunia, lakini bila miti mzigo huo utakuwa mzito zaidi.

Dalili tunaziona. Kati ya mwaka 1912 na 2007 barafu ya Kilimanjaro ilipungua kwa takriban asilimia 85. Wataalamu wanataja joto pamoja na ukavu wa hewa. Oktoba 2020, na tena Oktoba 2022, moto mkubwa uliunguza uoto wa juu mlimani, yaani sehemu ile ile inayonasa ukungu.

Kihamba ni hazina

Wazee wetu hawakutenganisha shamba na msitu. Katika kihamba, miti mirefu kama mringaringa hukaa juu, migomba chini yake, kisha mibuni, na chini kabisa magimbi na maharage. Ng'ombe na mbuzi hulishwa zizini, samadi yao hurudi shambani, na mfongo huleta maji. Ardhi haikai uchi, wala udongo hauchukuliwi na mvua. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) liliutambua mfumo wa kihamba wa Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wa dunia.

Lakini hazina hii inapungua. Bei ya kahawa iliposhuka, wengi waling'oa mibuni na kukata miti ya kivuli. Kila mirathi inapogawanywa, kihamba huwa kidogo zaidi, na ada ya shule inapokaribia, mti mkubwa ndio huuzwa kwanza. Shida hizo ni za kweli, na hatuwalaumu wazazi. Ila mti wa miaka hamsini huanguka kwa nusu siku, na chemchem iliyokauka hainunuliki.

Wajibu wetu

Serikali iliuingiza msitu wa mlima katika Hifadhi ya Taifa mwaka 2005. Nayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Lakini askari wa hifadhi hawezi kulinda kila kihamba. Sisi tufanye haya:

1. Tukilazimika kukata mti mmoja, tupande kwanza kadhaa na kuitunza hadi ishike.
2. Tusikate miti iliyo kando ya chemchem na mfongo.
3. Tusichome takataka za shamba wakati wa kiangazi, na warina asali wasiache moto nyuma yao.
4. Tusifanye israfu ya maji tunapotawadha.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba Muislamu akipanda mti, kisha akala humo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Basi wewe mwanafunzi usiye na fedha za kutoa, unayo sadaka ya kufanya: mche mmoja kihambani kwa babu yako, na maji ya kuumwagilia.

Allah (S.W.) atujaalie tuwe watunzaji wa amana yake. Amin.

Wabillahi Tawfiq.