Baiskeli ya Kwenda Kazini: Ikague Kabla ya Kulipa, Iwekee Taa Kabla ya Kuipanda

Kabla jua halijachomoza, barabara ya kutoka Gede kwenda Watamu huwa tayari ina watu. Ni wapishi, walinzi, watunza bustani na wahudumu wa hoteli, na wengi wako juu ya baiskeli. Malindi na Mtwapa hali ni hiyo hiyo. Ukanda wa pwani wa Kaunti ya Kilifi ni tambarare sehemu kubwa, na mtu mwenye afya ya kawaida anaweza kwenda kilomita 6 kwa nusu saa bila kufika kazini akiwa hoi.

Sababu kubwa ni mfuko. Anayelipa bodaboda shilingi 50 kwenda na 50 kurudi, kwa siku 26 za kazi, hutoa shilingi 2,600 kila mwezi. (Neno bodaboda lenyewe lilianza na baiskeli zilizovusha abiria mpakani Busia, pikipiki zilikuja baadaye.) Ila baiskeli iliyonunuliwa vibaya hurudisha pesa hizo zote kwa fundi.

Madukani na kwa wauzaji wa mitumba kuna aina tatu hasa. Ya kwanza ni Black Mamba: nzito, magurudumu ya inchi 28, gia moja, karia ya kubebea gunia. Haina mengi ya kuharibika na kila fundi wa kijijini anaijua. Ya pili ni baiskeli mpya za gia, nyingi zikiwa na springi mbele. Zinavutia macho, lakini springi za bei nafuu huongeza uzito, na hewa ya chumvi huzila upesi. Kwa anayepita kwenye lami kila siku, gia 18 ni mapambo. Ya tatu ni mitumba kutoka Ulaya, na hapa ndipo mnunuzi makini hupata baiskeli nzuri kuliko mpya ya bei hiyo hiyo, mradi ajue kuikagua.

Anza na fremu. Pitisha kidole pale mabomba yanapoungana, hasa chini ya usukani. Rangi iliyopakwa sehemu moja tu mara nyingi huficha ufa au uchomeleaji. Nenda na kipande cha sumaku: ikinasa, fremu ni ya chuma na fundi yeyote wa kuchomelea ataitengeneza. Isiponasa, huenda ni alumini, ambayo haishiki kutu kama chuma lakini ikipasuka si kila fundi anaiweza. Inua gurudumu, lizungushe, utazame kama linayumba kati ya breki. Shika mkono wa pedeli uutikise kushoto na kulia. Ukicheza, beringi za katikati zimekwisha. Kisha simama ukiwa umepita juu ya bomba la fremu, nyayo zote mbili zikigusa chini. Bomba likikubana, hiyo si saizi yako, hata ukipunguziwa bei.

Dai risiti. Nambari ya fremu kwa kawaida huchongwa chini, karibu na pedeli. Ipige picha kwa simu na uhakikishe haijakwanguliwa. Nambari iliyokwanguliwa ni dalili ya mali ya wizi, na anayepatikana nayo ndiye atakayejieleza kituoni.

Ukishainunua, rekebisha kiti kwanza. Kaa, weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Wengi huendesha kiti kikiwa chini mno, kisha hulalamika magoti.

Sasa tuje kwenye jambo linaloua. Huku kwetu jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na saa kumi na mbili unusu asubuhi, na saa moja jioni giza limeshaingia. Mlinzi wa zamu ya usiku na mpishi wa kifungua kinywa huendesha gizani karibu kila siku ya kazi. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kwa sekunde moja. Taa zake zikiwa za chini, dereva humwona mtu mwenye nguo nyeusi akiwa umbali wa takriban mita 40. Hizo hazifiki sekunde mbili, na gari haliwezi kusimama kwa muda huo. Kiakisi chekundu nyuma na fulana ya kung'aa humwonyesha dereva mapema, akiwa bado na nafasi ya kukukwepa. Taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma. Tochi ya simu mkononi haitoshi, na hukunyima mkono mmoja wa breki.

Endesha upande wa kushoto, kule magari yanakoelekea. Wapo wanaoamini ni salama kukabiliana na magari uso kwa uso kama mtembea kwa miguu. Si kweli: mwendo wako na wa gari hujumlishwa, na dereva anayeingia kutoka barabara ndogo hatazami upande huo. Kwenye Daraja la Kilifi, majira ya kusi, upepo hupiga kwa ubavu; punguza mwendo, shika usukani kwa mikono yote miwili.

Mvua za masika zina hila yake. Rimu ya chuma ikilowa, raba za breki huteleza, na baiskeli iliyokuwa ikisimama kwa mita chache hupitiliza. Bana breki kidogo kidogo mapema ili kufuta maji, kisha ndipo ubane kwa nguvu, zote mbili pamoja.

Matunzo hayahitaji pesa nyingi. Jaza upepo kila wiki. Kiwango kimeandikwa ubavuni mwa tairi, na tairi laini hukaribisha pancha. Ukipita karibu na bahari, ifute kwa kitambaa chenye maji baridi, ikaushe, kisha udondoshee mnyororo mafuta ya cherehani na kufuta yanayozidi. Oili chafu ya gari, ambayo baadhi ya mafundi hupaka bure, hunasa mchanga na kuusaga mnyororo. Usiku ifungie ndani. Ukiiacha nje kazini, kufuli ipite kwenye fremu na gurudumu, sio gurudumu peke yake.