Je, Wajua? Viungo Vitatu Vinavyofungwa Ili Mguu Unyooke

Je, wajua kwamba wayo uliopinda unaweza kunyooshwa kwa kuvifunga viungo vyake visicheze tena maisha yote? Upasuaji huu hufanyiwa vijana waliozaliwa na mguu kifundo, yaani wayo umegeukia ndani na kisigino kimepanda juu, ambao hawakutibiwa utotoni, au walitibiwa lakini ulemavu ukabaki. Kijana wa namna hiyo hukanyagia ubavu wa nje wa mguu, na wengine hata mgongo wa wayo, mpaka ngozi inaota sugu na kuchanika.

Edwin Ryerson wa Chicago aliueleza upasuaji huu mwaka 1923, enzi ambazo polio ilikuwa ikilemaza miguu ya watoto wengi. Viungo vyenyewe ni vitatu, vyote chini ya kifundo cha mguu. Daktari hukwangua gegedu, utando laini unaoifanya mifupa iteleze, kisha hukata kipande cha mfupa chenye umbo la kabari upande wa nje, ambako mguu umerefuka kuliko ndani. Pengo likifumbwa, wayo unanyooka. Mifupa hubanwa kwa pini au skrubu, mguu ukafungwa plasta. Kazi iliyobaki ni ya mwili: huichukulia mifupa hiyo kama iliyovunjika, ukaiunga. Baada ya miezi kama mitatu, mifupa minne imekuwa mmoja.

Kijana huyo atatembeaje? Kifundo chenyewe hakiguswi, hivyo wayo bado hupanda na kushuka. Kinachopotea ni kule kulalia upande, na mtu huuhisi upungufu huo akipita kwenye mawe au shamba lililolimwa.

Kwa mzazi, naona kusubiri ndiko kugumu zaidi. Wayo unaofungwa ungali unakua hubaki mfupi, kwa hiyo kwa kawaida madaktari hungoja mtoto afike miaka 10 au 12, na huko nyuma ameshavumilia macho ya watu njiani na shuleni.

Gharama nyingine huja baadaye. Mwaka 1999 madaktari wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, walitoa matokeo ya watu waliofanyiwa upasuaji huu kwa sababu mbalimbali na kufuatiliwa kwa wastani wa miaka 44. Wengi mno waliridhika, ingawa vifundo vyao, vilivyobeba mzigo wa viungo vilivyofungwa, vilikuwa vimelika.

Katika chuo hichohicho ndiko alikofanya kazi Ignacio Ponseti, Mhispania aliyeinyoosha miguu ya watoto wachanga mapema, ili wasifikie upasuaji huo, kwa plasta inayobadilishwa kila wiki, mara tano au sita hivi, kisha kwa kawaida kano ya kisigino hukatwa na mtoto huvalishwa viatu vilivyounganishwa kwa chuma, baadaye usiku tu, hadi afike miaka 4 hivi. Nchini Uganda, Shafique Pirani, daktari aliyezaliwa huko, alishirikiana na wenzake kuieneza njia hiyo, na matabibu wa mifupa wasio madaktari bingwa wakafundishwa kufunga plasta hizo wenyewe.