Somo la Giya Mbili



Mkulima apakiapo gunia la alizeti juu ya baiskeli, tambarare huenda vizuri. Afikapo mlimani hushuka akasukuma, maana ana giya moja tu. Roboti ya mashindano ya wanafunzi hupatwa na taabu hiyo hiyo. Basi ipeni giya mbili.

Chukueni ekseli mbili sambamba. Ile izungushwayo na mota ikazieni gurudumu la meno 12 na la meno 24. Katika ya pili tieni la meno 48 na la meno 36, yazunguke bure.

12 kwa 48 hupunguza mwendo mara 4, na nguvu ya kuzungusha huongezeka karibu mara 4: ndiyo giya ya mlima. 24 kwa 36 ni ya mbio. Angalieni: kila jozi jumla yake ni 60. Jumla zisipolingana, na meno ni ya ukubwa mmoja, jozi zote mbili hazitashikana sawasawa.

Kati ya 48 na 36 wekeni pete itelezayo, izungukayo pamoja na ekseli. Ikisukumwa huku hushika moja, kule hushika jingine. Iachie moja kabla ya kushika la pili. Ikishika yote, mtambo utakwama au meno yatakatika.

Choreni kwanza, ndipo mkate chuma.