Kabla mwanao hajajaza fomu ya biokemia

Kila matokeo ya KCSE yanapotangazwa, simu yangu haipoi. Kuanzia Mambrui hadi Takaungu, wazazi wananiuliza swali moja: "Mwanangu amepata alama nzuri za kemia. Kuna shahada inaitwa biokemia. Akimaliza atakuwa nani?" Wananiuliza mimi kwa sababu niliisoma, na kwa sababu mitaani kwetu hakuna wengi wa kuulizwa.

Jibu lake ni refu kuliko simu ya dakika mbili, ndiyo maana leo naliandika.

Nilipojaza fomu yangu nilitaka udaktari. Alama hazikutosha. Nikaona neno biokemia, nikajiambia hii ni jirani yake udaktari. Babangu akawaambia wenzake msikitini kwamba mwanawe anasomea mambo ya hospitali. Sikumsahihisha, kwa maana hata mimi niliamini hivyo. Nikasoma miaka minne, nikafaulu, nikapeleka vyeti vyangu kwenye maabara ya hospitali moja. Mkuu wa maabara alinikaribisha vizuri, akavitazama vyeti, akaniuliza: "Leseni ya bodi iko wapi?"

Sikujua hata kama kuna bodi.

Kemia na biokemia zinatofautiana wapi?

Chukua mfano wa mnazi. Utomvu unaogemwa asubuhi ni mtamu. Ukikaa hadi jioni umekuwa mkali na unalevya. Ukiachwa siku kadhaa unakuwa siki. Mwanakemia atauliza: ndani mna nini, na kwa kiasi gani? Atapima sukari, pombe na tindikali. Mwanabiokemia atauliza: ni nani aliyeifanya kazi hii, na kwa njia gani? Atakuta hamira inayokula sukari na kutoa pombe na gesi, kisha bakteria wanaoigeuza pombe kuwa tindikali ya siki. Ndani ya hamira hiyo atakuta vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ambayo yenyewe yangechukua muda mrefu mno. Vimeng'enya vimo pia kwenye mate yako, kwenye ini lako, na hata ndani ya kimelea cha malaria. Kimelea hicho kikizuiwa kimeng'enya anachokitegemea, kinakufa. Dawa kadhaa hufanya kazi kwa njia hiyo.

Sasa nenda Gongoni kwenye mabwawa ya chumvi. Pale ni kemia tupu. Maji ya bahari yakikaushwa na jua hatua kwa hatua, jasi hutangulia kuganda, chumvi ya kula hufuata, na mwisho hubaki maji machungu yenye magnesiamu. Anayejua wakati wa kuyahamisha maji kutoka bwawa hili kwenda lile ndiye anayepata chumvi safi. Na kwa sheria ya Kenya, chumvi ya kula lazima itiwe aidini ili watu wasipate tezi la shingo. Lazima mtu apime kama aidini imetosha. Kipimo chake ni kile kinachofundishwa mwaka wa kwanza chuoni: unadondosha dawa tone kwa tone hadi rangi ya buluu iliyoletwa na wanga itoweke.

Miaka minne inapita vipi?

Mwaka wa kwanza ni msingi: kemia ya jumla, hisabati, fizikia, biolojia. Wengi hushangaa kukuta hisabati, na wengine hukwama hapo. Mwaka wa pili mwanafunzi wa kemia huingia kwenye kemia ya kaboni, ya madini, na ile ya nishati na mwendo wa mabadiliko. Wa biokemia husoma protini, mafuta, wanga na vinasaba. Mwaka wa tatu mambo huwa mazito: jinsi mwili unavyogeuza chakula kuwa nguvu, au jinsi ya kutambua kitu kisichojulikana kwa kutumia mashine. Kisha huja mafunzo ya kazini, na mwaka wa mwisho mradi wa utafiti wako mwenyewe.

Juu ya hayo kuna maabara. Wenzako wa kozi nyingine wakirudi bwenini saa nane mchana, wewe bado umesimama na pipeti mkononi. Mwenye kupenda kazi ya mikono na subira atafurahi. Anayependa kukariri tu atateseka.

Shahada nne zinazochanganywa

Hapa ndipo nilipoumia, na hapa ndipo naomba mzazi asome mara mbili.

Kwanza, shahada ya sayansi ya kemia. Hii inakupeleka viwandani, kwenye maabara za ukaguzi wa bidhaa, maji na mazingira.

Pili, shahada ya sayansi ya biokemia. Hii inakupeleka kwenye utafiti, viwanda vya chakula na dawa, na mambo ya vinasaba.

Tatu, shahada au diploma ya sayansi ya maabara ya tiba. Huyu ndiye anayepima damu na mkojo wako hospitalini. Ana bodi yake, KMLTTB, inayomsajili na kumpa leseni. Biokemia peke yake haikupi leseni hiyo, hata ukiwa na alama za juu kabisa.

Nne, shahada ya ualimu wa sayansi. Huyu anasajiliwa na TSC. Mwenye shahada ya kemia au biokemia anayetaka kufundisha hulazimika kuongeza diploma ya ualimu baada ya shahada yake, na awe na masomo mawili ya kufundishia.

Majina yanakaribiana, milango ni tofauti. Hakuna aliyenidanganya. Sikuuliza, na nyumbani hakukuwa na aliyejua la kuuliza.

Je, kwetu kuna kazi?

Kuna, ila si nyingi, na haziji zenyewe. Kilifi tuna Chuo Kikuu cha Pwani, kilichopata hati yake mwaka 2013, chenye idara ya biokemia na bioteknolojia. Mjini humo humo kuna kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome Trust, kilichoanza mwaka 1989, na kinachojulikana duniani kwa utafiti wa malaria. Kituo hicho kimekuwa na mpango wa kuwachukua kwa muda vijana waliomaliza sekondari ili waonje kazi ya utafiti. Mzazi wa Kilifi, uliza habari zake. Lakini ujue kwamba katika utafiti shahada ya kwanza ni mlango tu. Anayetaka kusonga mbele hujiandaa kwa shahada ya pili na zaidi.

Mombasa kuna maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, kuna KEBS inayokagua bidhaa, na KMFRI inayochunguza bahari na samaki. Vipingo kuna saruji, Gongoni kuna chumvi.

Na kuna kazi isiyotangazwa gazetini. Owino Uhuru, Mombasa, watu waliugua kwa sumu ya risasi iliyotoka katika kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Phyllis Omido na wenzake walipigania haki hiyo miaka mingi, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Mama anaweza kuona kwamba mwanawe anaugua, lakini mahakama inataka vipimo: kiasi gani cha risasi kwenye damu, kiasi gani kwenye udongo. Siku kitu kama hicho kikitufikia huku kwetu, ni nani miongoni mwa watoto wetu atakayejua kupima?

Ushauri wangu

Tangu Januari 2026, wanafunzi wa mtaala mpya huingia gredi ya 10 wakiwa wameshachagua njia yao. Uamuzi niliofanya mimi nikiwa nimemaliza kidato cha nne, wao wanauanza wakiwa wadogo zaidi. Basi tuulize mapema. Mwulize mtoto: unapenda kemia, au unapenda koti jeupe? Uliza chuo: kozi hii inasajiliwa na bodi gani, au haina bodi? Tafuta mtu aliyeisoma, umwulize anafanya kazi gani leo.

Ukiniuliza mimi, leo napima chumvi na maji katika maabara ya kampuni moja, kwa kipimo kilekile cha mwaka wa kwanza. Sijuti kusoma biokemia. Najuta miaka miwili niliyoipoteza nikibisha mlango usiokuwa wangu.

Babangu bado huwaambia watu kwamba nafanya kazi ya hospitali. Siku hizi namsahihisha.